Usiache mbachao kwa msala upitao

Barua iliyotufikia mwezi uliopita kutoka Mwanjelwa, mjini Mbeya, imeandikwa kwa mkono, kwa wino wa buluu, kwenye karatasi mbili za daftari. Mwandishi wake ni fundi cherehani na mama wa watoto watatu. Anaeleza kwamba ameamua kutumia kalamu kwa sababu simu yake huzimika kabla hajamaliza kueleza shida yenyewe. Nilicheka kidogo nilipoyasoma maneno hayo. Nilipofika ukurasa wa pili sikucheka tena, nami naamini, ndugu msomaji, kwamba wewe pia hutacheka.

Kwa ufupi shauri lake ni hili. Simu anayoitumia ni ya kupangusa, aliyoinunua mwaka 2020. Betri yake haifiki adhuhuri. Nafasi ya kuhifadhia picha imejaa, na kila mteja anapomtumia picha ya mshono autakao, fundi hana budi kwanza kufuta picha ya mshono wa mteja mwingine. Mwezi Juni alifuta picha ya gauni la bibi harusi kabla hajalimaliza, akalishona kwa kukisia, na kazi ikarudishwa. Kaka zake wawili, mmoja akiwa Iringa na mwingine Dar es Salaam, wamechanga shilingi 400,000 ili dada yao abadilishe simu. Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Kaka wa Iringa anataka inunuliwe iPhone ya mtumba, ambayo yeye anaiita simu yenye heshima. Muuzaji wa simu za mkopo naye amepita kibandani kwake mara tatu na simu nzuri zaidi ya hiyo. Mumewe anashauri simu iliyopo itiwe betri mpya, na fedha zitakazobaki zingojee mahitaji ya shule ya mwezi Januari.

Ukurasa wa pili unamhusu mama yao mzazi, mjane aishiye Kihesa, Iringa. Mwaka jana watoto wake walimnyang'anya kitochi chake (neno kunyang'anya ni la mwandishi mwenyewe), wakampa simu ya kupangusa ili apate kuziona sura za wajukuu. Mwezi Julai, baridi ilipokuwa kali, mama alibanwa na kifua. Jioni ile binti alimpigia simu mara kumi na moja. Simu ililia na mama aliisikia, lakini aliibonyeza ile alama ya kijani kama alivyozoea kubonyeza kitufe, asijue kwamba inatakiwa kusukumwa kwa kidole. Kumpigia mtu mwingine pia hakuweza. Jirani alimkuta asubuhi, akamfikisha hospitali, na kwa rehema za Mungu alipona. "Tangu siku hiyo," anaandika binti, "nikisikia habari ya kubadilisha simu moyo unanipasuka. Nibadilishe yangu au niache? Na ya mama tuirudishe?"

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mkeka wako uliochakaa. Msala upitao ni wa mwenziwe, mzuri kuutazama, nao haukai. Wengi hulitumia neno hilo kumkataza mtu asibadilishe chochote. Kwa maoni ya safu hii, huko ni kuwaonea wahenga. Wametuonya tusiutupe mkeka kabla hatujajua kama huo mwingine utabaki nasi. Kwa hiyo swali la dada yetu lastahili kupimwa, na nilipopata safari ya kikazi ya Nyanda za Juu Kusini nilikwenda nalo, nikawauliza mafundi wa Mwanjelwa na wa Miyomboni, Iringa.

TULIKOTOKA

Kwanza tukumbuke kwa nini jambo hili ni la familia, wala si la anasa. Wazee wetu walioajiriwa mbali na nyumbani walitegemea barua na simu ya upepo, au walipanga foleni kwenye ofisi ya Posta na Simu wakingoja kuunganishwa na mji mwingine. Simu za mkononi zilianza nchini mwaka 1994 na kampuni ya Mobitel, zikawa za wenye nacho. Kisha zikaja zile simu ndogo zenye tochi, ambazo wananchi walizipa jina la kitochi. Nokia 1100, iliyotolewa mwaka 2003, iliuzwa duniani zaidi ya milioni 200. Mwaka 2008 huduma ya M-Pesa ilipoanza Tanzania, simu iligeuka pochi. Tangu hapo mwenye kibanda Mwanjelwa aliweza kumtumia mama yake Kihesa fedha ya kuni bila kumpa kondakta wa basi bahasha.

Simu ya kupangusa imeongeza jambo la tatu, yaani picha. Kwa fundi cherehani picha ni mshono, kwa muuza viazi wa Uyole picha ni gunia lake mbele ya mnunuzi aliyeko Dar es Salaam, na kwa bibi picha ni mjukuu. Kwa hiyo mtu anapobadilisha simu anagusa sauti, fedha na picha kwa mara moja. Ndiyo maana kosa moja dogo humletea mtu hasara kubwa.

JE, MBACHAO UMECHAKAA KWELI?

Fundi mmoja wa Miyomboni aliniambia kwamba simu nyingi anazoletewa zikiitwa mbovu hazina ubaya wa kutupwa. Maelezo yake yanapatana na elimu ya betri. Betri za simu hizi ni za lithiamu, nazo huchoka kwa kuchajiwa. Baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500 hivi, betri ya kawaida hubakiwa na takriban asilimia 80 ya uwezo wake wa awali. Mtu anayechaji kila siku hufika hapo kabla ya miaka miwili. Simu ya mwaka 2020 ambayo haijapata kubadilishiwa betri imekwisha kuvuka mpaka huo mara kadhaa. Hapo mume wa dada yetu ana hoja. Fundi aliniambia betri ya simu ya aina ile, pamoja na ufundi, ni shilingi 30,000.

Kasoro ya pili, yaani kujaa, nayo yaweza kupunguzwa. Mara nyingi kinachoijaza simu ni video na picha za makundi ya WhatsApp zinazoshuka zenyewe usiku na mchana, tena kwa bando la mwenye simu. Ukiingia kwenye mipangilio ya WhatsApp ukazuia upakuaji wa moja kwa moja, utaokoa nafasi na fedha kwa pamoja. Picha za kazi zaweza kuhamishiwa kwenye kadi ya kumbukumbu, ikiwa simu ina tundu lake.

Lakini zipo kasoro mbili zisizoponywa na fundi. Ya kwanza ni udogo wa simu yenyewe. Simu ya dada yetu ina hifadhi ya GB 16, na sehemu kubwa ya hiyo huliwa na mfumo wa simu wenyewe. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni GB 1. Betri mpya haiongezi hata tone moja hapo. Ya pili ni uzee wa mfumo. Watengenezaji wa programu huendelea mbele na kuziacha simu za zamani nyuma. Mwaka 2025, kwa mfano, WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye iPhone 5s, iPhone 6 na iPhone 6 Plus. Simu hizo ziliendelea kuwaka na kupiga, ila mlango ule ulifungwa.

Kwa hiyo nampa kila msomaji maswali matatu kabla hajatoa fedha. Je, shida yangu ni betri, kioo au tundu la chaji? Kama ndivyo, nenda kwa fundi. Je, shida ni nafasi? Safisha kwanza, kisha ungoje mwezi mmoja. Je, simu inanikosesha kazi au imefungiwa huduma ninayoihitaji? Hapo mabadiliko yana haki. Dada yetu amejibu la tatu kwa gauni lililorudishwa. Kwake simu ni chombo cha kazi kama cherehani, nayo ikimpotezea mteja inamla mtaji.

NJIA TATU MBELE YAKE

Njia ya kwanza ni simu ya mtumba ya jina kubwa. Tusiidharau. Simu iliyokuwa ghali ilipotoka aghalabu ina kamera bora na umbo imara kuliko simu mpya ya bei ya chini, na kwa fundi wa nguo kamera inayoonyesha rangi kwa usahihi ni faida ya kweli. Ubaya wake ni kwamba unanunua pia umri wake. Nilipomuuliza dada yetu kwa simu kaka yake ameona iPhone ipi, alijibu ni iPhone 6. Hiyo ilitolewa mwaka 2014, nayo, kama nilivyokwisha kusema, haipokei tena WhatsApp. Heshima ya simu ya namna hiyo ingeishia siku ambayo mteja wa kwanza angetaka kutuma mshono.

Hata mtumba wa karibuni una mitego. Iko simu iliyofungwa kwenye akaunti ya mwenyewe wa zamani. Ukiifuta ili uanze upya, inadai nywila ya mtu usiyemjua, nawe hubaki na kipande cha kioo. Iko pia iliyofungwa kwa mtandao wa nchi ya mbali, isiyoikubali laini yako. Dawa ni moja: mwambie muuzaji aifute simu mbele ya macho yako, iwake upya, uweke laini yako, upige na upigiwe, ndipo utoe fedha. Anayekataa kufanya hivyo amekwisha kukujibu.

Njia ya pili ni mkopo. Nayo ina sifa yake: humwezesha mtu asiye na fedha taslimu kupata chombo leo na kulipa kidogo kidogo. Walakini tuhesabu. Simu aliyoonyeshwa dada yetu inauzwa dukani shilingi 390,000 taslimu. Kwa mkopo anatakiwa kutoa kianzio cha shilingi 70,000, kisha shilingi 1,600 kila siku kwa mwaka mmoja. Elfu moja mia sita yasikika kama fedha ya vitumbua. Zidisha kwa siku 365, upate 584,000. Ongeza kianzio, upate 654,000. Tofauti ni shilingi 264,000, ambayo inazidi theluthi mbili ya bei ya simu. Kwa ufundi wa shilingi 15,000 kwa gauni, ni magauni kumi na nane ya kumshonea mkopeshaji.

Tena simu hizo hujifunga malipo yakichelewa. Mfanyakazi wa mshahara huenda asione ubaya. Fundi wa nguo, ambaye Februari ni mwezi wa ukame na Desemba ni mwezi wa neema, atajikuta simu imefungwa wakati anapoihitaji kumtafuta mteja wa kumlipa. Atakayechagua njia hii na azidishe kwanza kwa kalamu, aulize ni siku ngapi za kuchelewa ndipo ifungwe, na adai mkataba kwa Kiswahili.

Njia ya tatu ni simu mpya ya bei ya chini. Hapa maduka ya Mbeya na Iringa yamejaa Tecno, Infinix na itel, ambazo zote ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, China, iliyoanzishwa mwaka 2006 na kulielekeza soko lake Afrika. Faida zake ni betri kubwa, laini mbili, vipuri vinavyopatikana kwa kila fundi, na dhamana ya dukani. Kasoro zake ni kamera ya wastani, na masasisho ya mfumo ambayo hayaendelei kwa miaka mingi. Kwa shilingi 280,000 dada yetu ameonyeshwa moja yenye hifadhi ya GB 64, yaani mara nne ya aliyo nayo.

Ninunuaje bila kupunjwa? Bonyeza *#06#, namba ya IMEI itatokea. Ilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090 ili ujue kama ni simu halali. Wenye kumbukumbu hawajasahau Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozifungia simu bandia, na wananchi wengi walioamka asubuhi walikuta chuma kisicholia. Pia dai risiti. Dhamana isiyo na risiti ni maneno ya barabarani.

Kwa hesabu hiyo nasema wazi: dada yetu na achukue njia ya tatu, kwa taslimu. Mumewe asiudhike, maana betri yake pia itanunuliwa, kama nitakavyoeleza.

NA MAMA WA KIHESA?

Hapa ndipo penye uzito. Watoto hawakukosea kutaka mama awaone wajukuu. Walikosea kwa kuondoa kile alichokijua kabla hajakijua kipya. Kwa mama huyu vidole ndivyo vilivyokuwa macho: alikijua kitufe cha kijani gizani, alijua kubonyeza namba moja kwa muda mrefu ili impate binti, na chaji ilimtosha siku kadhaa. Fedha alizotumiwa alizitazama kwa menyu ile ile ya nyota na reli, isiyohitaji bando wala intaneti.

Simu ya kupangusa ilimwondolea hayo yote usiku mmoja, ikamletea na wageni wapya. Matapeli wanaotuma ujumbe wa kudai fedha iende kwenye namba fulani walikuwapo hata kwenye kitochi, ni kweli. Lakini simujanja inafungua pia mlango wa programu za mikopo. Baadhi yake humtaka mtu aziruhusu zisome majina yote yaliyo kwenye simu, na akichelewa kulipa, ndugu na majirani hutumiwa ujumbe wa kumwaibisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za namna hiyo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Mzee anayebonyeza asichokijua yumo hatarini kuliko kijana.

Basi ushauri wangu ni huu. Kitochi kirudi kwa mama leo, na laini yake ile ile yenye namba anayoijua kila mtu na yenye fedha zake. Simu ya zamani ya dada yetu itiwe betri ya shilingi 30,000, ifutwe yote, isafirishwe hadi Kihesa ikiwa na laini nyingine iliyosajiliwa kwa jina la mama. Hiyo iwe simu ya Jumapili, ya kuwaona wajukuu. Simu ndogo isiyotosha kwa mishono ya wateja kumi inatosha kabisa kwa sura tatu za watoto. Mjukuu au kijana wa jirani akae na mama mara chache, amwonyeshe kusukuma ile alama ya kijani, naye mama asukume kwa mkono wake mwenyewe. Kumshikia simu siyo kumfundisha. Siku atakapoizoea, atachagua mwenyewe kama kitochi kistaafu.

Ile simu ya kupangusa aliyopewa mwaka jana ni bora irudi kwa aliyeinunua, au iuzwe, kwa ridhaa ya wote.

Hesabu yote ni hii: simu mpya 280,000, betri 30,000, kava na kioo cha kinga 15,000. Jumla ni 325,000. Kwenye mchango wa 400,000 zinabaki 75,000, nazo ziingie kwenye mahitaji ya Januari. Mwaka 1969, Mwalimu Nyerere alipoueleza Mpango wa Pili wa Maendeleo mbele ya mkutano wa TANU, alitufundisha kwamba kupanga ni kuchagua. Funzo hilo ni la taifa, lakini linaingia hata kwenye pochi ya fundi cherehani.

SIKU YA KUHAMA

Nimalizie kwa mambo ya siku yenyewe, maana wengi hupoteza zaidi siku ya kuhama kuliko siku ya kununua. Fedha za simu hazikai ndani ya simu; ziko kwenye akaunti ya namba yako, na laini ikihamia simu nyingine zinaifuata. Namba yako ya siri usimpe fundi wala muuzaji, hata akikuambia anakusaidia. Majina mengine yamehifadhiwa kwenye laini na mengine kwenye simu; hakikisha yote yamevuka kabla ya kufuta chochote. WhatsApp ifanyiwe nakala kwanza. Kutoka Android kwenda Android kazi ni nyepesi. Kutoka Android kwenda iPhone inawezekana, ila ina hatua zaidi, na huhitaji iPhone iliyo mpya au iliyofutwa. Kaa na simu zote mbili kwa wiki moja, ndipo uifute ya zamani.

Piga pia *106# ujue ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa. Ukikuta usiyoitambua, iripoti kwa kampuni ya mtandao. Na betri iliyovimba usiitupe jalalani wala motoni. Mpe fundi, kwa kuwa lithiamu ikitobolewa huwaka.

Jambo moja zaidi, dada yetu, ambalo si la fundi. Umeandika kwamba simu ya sasa ina sauti za marehemu baba yenu, alizokuwa akiwatumia akiwa hospitali. Hizo zitoe kabla ya picha yoyote ya gauni. Ziweke kwenye simu mpya, kwenye kadi, na kwa kaka zako wote wawili. Na siku simu ya Jumapili itakapofika Kihesa, ziwemo humo, mama azisikilize akitaka.

Tutafurahi kupata barua yako ya pili, hata ikiwa kwa wino wa buluu.